Intaneti ya Dishi Inapogoma: Anzia Sebuleni, Paa Liwe la Mwisho

Simu nyingi ninazopigiwa huanza hivi: "Fundi, mtandao umekata tangu jana. Kijana ameshapanda juu akalizungusha dishi kidogo, lakini wapi."

Hiyo sentensi ya pili ndiyo inayoniumiza. Mara nyingi dishi halikuwa na shida yoyote. Kibovu kilikuwa adapta, au konekta ya kebo iliyokunywa maji, au bando limeisha na hakuna aliyeangalia. Sasa tatizo moja limekuwa mawili, na la pili ni gumu kuliko la kwanza.

Ujue kwa nini nasema hivyo. Setilaiti ya intaneti ya dishi la kawaida imekaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Inazunguka sambamba na dunia, ndiyo maana sisi huku chini tunaiona kama imesimama mahali pamoja. Dishi la sentimita 75 linaiona anga kwa upana wa digrii moja au mbili hivi. Digrii moja kwenye ukingo wa dishi hilo haifiki hata sentimita moja. Mtu akiliegemea kwa kiganja ili asiteleze kwenye bati, setilaiti imeshaondoka. Kuirudisha bila kipimo ni kazi ya siku nzima juani.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu bila kuruka, hata kama una hakika tatizo liko juu. Nimeuandika nikifikiria nyumba za kwetu Kigoma, kuanzia Gungu na Bangwe hadi Ujiji, na zaidi wale walioko vijijini Uvinza au Buhigwe, ambako kumsubiri fundi ni kupoteza siku. Kaa na daftari, kalamu, simu yenye dira, na waya wa mtandao wa kuchomeka kwenye kompyuta. Andika kila unachokiona pamoja na saa yake.

Hatua ya 1: Umeme, na hasa adapta

Angalia kama soketi ina umeme kwa kuchomeka kitu kingine, chaja ya simu inatosha. Toa modemu, kile kisanduku kinachoungana na dishi kwa kebo, kwenye ekstensheni uichomeke moja kwa moja ukutani. Ekstensheni zinazolegea zinapoteza umeme kwa sekunde moja tu, taa ya chumbani hata haionyeshi, lakini modemu inajizima na kuanza upya. Ukiona intaneti inakatika kila mtu anapopita karibu na meza ya televisheni, ugonjwa ni huo.

Kisha soma adapta. Hapa watu wengi wanapotea. Modemu ya setilaiti haijilishi yenyewe tu; kwa mitambo mingi ya majumbani ndiyo inayopeleka umeme, kupitia kebo ileile, hadi kwenye kifaa cha kutuma mawimbi kilicho mbele ya dishi. Adapta ya asili ikiungua, mtu anaazima ya kisimbuzi kwa sababu ncha yake inaingia. Taa zinawaka, kila mtu anafurahi, lakini nguvu ya kurusha mawimbi haipo. Linganisha volti zilizoandikwa chini ya modemu na zile za kwenye adapta: lazima ziwe sawasawa. Ampia za adapta ziwe sawa au zaidi, kamwe zisiwe pungufu.

Kama unatumia sola, jaribu usiku mmoja uwe na modemu peke yake kwenye inveta. Ikitulia, halafu ukarudisha friji, friji ikiwaka na modemu ikajizima, umepata jibu, na halina uhusiano na dishi.

Hatua ya 2: Zima, subiri, soma taa

Chomoa modemu ukutani, hesabu dakika mbili, rudisha. Kisha usiiguse kwa dakika kumi hadi kumi na tano. Najua ni ngumu kusubiri, lakini modemu inaitafuta setilaiti, inajitambulisha, inaomba ruhusa ya kuingia. Ukiizima katikati, inaanza mwanzo.

Na ile tundu ndogo ya sindano nyuma, usiibonyeze. Kwenye modemu nyingi inafuta mipangilio aliyoiweka fundi wakati wa kufunga, na bila mipangilio hiyo modemu haijui hata setilaiti ya kutafuta.

Taa hutofautiana kwa modemu na modemu, ila karibu zote zinasimulia hadithi moja kwa mpangilio mmoja: umeme, kupokea, kutuma, kuingia kwenye mfumo, halafu waya wa ndani. Soma kutoka mwanzo na usimame pale ambapo taa ya kwanza imegoma.

Taa ya umeme haiwaki: rudi hatua ya kwanza. Taa ya kupokea inapepesa bila kutulia: mawimbi hayafiki, nenda hatua ya 5 na ya 6. Kupokea imetulia lakini kutuma inapepesa: mara nyingi ni adapta dhaifu, konekta mbovu au kifaa cha kutuma. Dishi linaona setilaiti, kwa hiyo usilisogeze. Zote mbili zimetulia lakini ya mfumo imegoma: hilo mara nyingi liko kwa mtoa huduma, akaunti imefungwa au mtambo wao una shida. Zote zimetulia na bado simu yako haifungui kitu: tatizo liko ndani ya nyumba.

Hatua ya 3: Tenga waifai na intaneti

Simu ikionyesha alama ya waifai, maana yake imeunganishwa na ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, iliyoko sebuleni. Haina maana kwamba ruta imeunganishwa na dunia. Hivi ni vitu viwili, na watu wazima na akili zao wanavichanganya kila siku.

Chomeka kompyuta kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, fungua ukurasa wowote. Ukifunguka, setilaiti iko sawa na wa kulaumiwa ni ruta au kuta zako. Huna kompyuta? Simama na simu hatua moja kutoka kwenye ruta, zima data ya laini, jaribu.

Nyumba zetu za tofali za kuchoma zinanyonya mawimbi ya waifai, na bati linayarudisha. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati la vyombo haitafika chumba cha nyuma. Itoe, iweke juu, katikati ya nyumba. Kama ina majina mawili ya waifai, lile la 5 GHz lina kasi ila linaishia ukutani, la 2.4 GHz linafika mbali. Chumba cha mbali tumia la pili.

Badilisha nenosiri pia kama hujalibadilisha tangu ulipofungiwa. Nimewahi kuhesabu simu kumi na moja kwenye ruta ya nyumba yenye watu wanne.

Hatua ya 4: Je, ni mbovu au ni polepole tu?

Kwa intaneti ya setilaiti ya mbali, kuna kuchelewa ambako hakuna fundi atakayekuondolea. Ombi lako linapanda kilomita 36,000 hivi na kushuka umbali huohuo. Jibu nalo linapanda na kushuka. Jumla ni zaidi ya kilomita 140,000. Mawimbi yanakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo karibu nusu sekunde imekwisha njiani kabla hujaongeza ucheleweshaji wa mitambo. Ukipima ukapata milisekunde 600, hiyo ni hali yake ya kawaida. Kwenye simu ya video mtaingiliana maneno. Mzoee kusubiri mwenzako amalize. Michezo ya mtandaoni ya kushindana haitakwenda vizuri. Usimlipe mtu pesa akikwambia atalirekebisha hilo kwa kugeuza dishi.

Setilaiti za chini, zinazopita kilomita 550 hivi juu yetu, hazina ucheleweshaji huo. Lakini hizo zina dishi lake bapa na zinataka anga wazi pana, kwa sababu zinahama muda wote. Programu yake kwenye simu inakuonyesha kinachoziba. Ushauri wangu kwa ndugu zangu wa mpakani: kabla ya kununua kifaa kilichosajiliwa nchi jirani, hakikisha mtoa huduma ana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na kifaa kimethibitishwa kutumika Tanzania. La sivyo kikigoma hutakuwa na wa kumlalamikia.

Kama kasi ilikuwa nzuri mwanzoni mwa mwezi na sasa inajikokota, angalia salio la bando kabla ya chochote. Vifurushi vingi vya setilaiti havikati. Vinapunguza kasi ukishafika kiwango. Walaji wakubwa wanakula kimyakimya: picha za simu zinazojipakia kwenye hifadhi ya mtandaoni, video za makundi ya WhatsApp zinazojipakua, na kompyuta inayojisasisha yenyewe. Zima hivyo vitatu kwanza.

Hatua ya 5: Kebo na konekta

Kama ningeruhusiwa kukagua kitu kimoja tu kwenye nyumba, ningekagua konekta.

Nilifika nyumba moja Bangwe, juu kidogo ya ziwa. Mama mwenye nyumba alinipokea na malalamiko ya miezi miwili: intaneti inakufa usiku, inafufuka saa nne asubuhi. "Fundi, hii setilaiti inalala?" Nikamwambia, "Mama, ngoja tuangalie kwanza." Taa ya kupokea ilikuwa ikipepesa. Nikazima modemu, nikafuata kebo kwa mkono kutoka ukutani. Nje, chini ya mwisho wa bati, fundi aliyetangulia alikuwa ameunga kebo mbili na kuzifunga kwa tepu nyeusi ya umeme. Nilipoifungua tepu, tone la maji lilidondoka kiganjani mwangu. Waya wa katikati ulikuwa umeota kijani, na nyuzi za nje zimegeuka unga. Usiku umande ulikuwa ukilowesha kiungo; asubuhi jua likapiga bati, kiungo kikakauka, intaneti ikarudi. Nilikata kebo kidogokidogo, kila nikikata bado nyeusi, mpaka nikafika karibu shubiri nzima ndipo shaba ikang'aa.

Wewe unaweza kufanya kazi hiyo mwenyewe kama kiungo kiko mahali unapofikia ukiwa chini au kwenye ngazi imara. Kwanza zima modemu na uichomoe, kwa sababu kebo hiyo ina umeme. Fungua konekta kwa mkono. Tazama waya wa katikati: uwe umenyooka, unang'aa, na umechomoza milimita 2 au 3 nje ya mdomo wa konekta. Ukiwa mfupi haugusi. Ukiwa mrefu unasukuma na kuharibu tundu la upande wa pili. Hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa nyuzi za nje unaogusa waya huo. Ukiona kijani, weusi au unyevu, kata mpaka ufike palipo safi, vaa konekta mpya. Konekta za kubana kwa chombo maalumu ni bora kuliko za kuzungusha kwa mkono. Ukikaza, kaza kwa vidole, kisha robo mzunguko wa spana. Basi.

Nje, funika kiungo kwa tepu ya mpira inayoungana yenyewe, ukianza chini kwenda juu ili mikunjo imwage maji kama vigae vya paa. Tepu ya umeme peke yake ikipigwa na jua letu inalegea mapema. Kabla kebo haijaingia ukutani, iache ining'inie kama tumbo ili maji yadondokee hapo, yasifuate kebo hadi kwenye modemu.

Ondoa kigawanyio chochote cha televisheni kilichowekwa katikati. Intaneti ya setilaiti inapokea na kutuma. Kigawanyio cha kisimbuzi kinaua safari ya kwenda. Na usirefushe kebo kwa kuungaunga ili modemu ihamie chumba kingine. Hamisha waifai, kebo iache.

Hatua ya 6: Anga na miti

Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua kubwa itakukatia intaneti. Matone yanameza mawimbi, hasa ya masafa ya juu yanayotumiwa na mitambo mingi mipya. Angalia saa uandike. Kama inakata wingu zito linapofika na kurudi wingu likipita, hakuna kilichoharibika. Kama inakata hata kwa manyunyu, au hairudi saa moja baada ya mvua kuisha, basi dishi limesogea kidogo na lilikuwa linapata mawimbi ya kubahatisha tu, au kiungo kimekunywa maji.

Kuna kukatika kwingine kunakowatisha watu bure. Siku chache kuzunguka tarehe 20 Machi na tarehe 20 Septemba, jua linapita nyuma kabisa ya setilaiti na kelele zake zinafunika mawimbi. Intaneti inakata dakika chache, kila siku saa karibu ileile, kisha inarudi. Kwa setilaiti iliyo longitudo digrii 7 mashariki, hapa Kigoma hutokea kuelekea saa tisa alasiri. Subiri tu.

Miti ndiyo inayohitaji jicho. Dishi nyingi za majumbani zina kichwa cha kunasa mawimbi kilichokaa pembeni, si katikati, na kwa sababu hiyo mawimbi yanaingia kutoka juu zaidi kuliko uso wa dishi unavyoonyesha. Unaliona dishi kama linatazama juu kidogo ya paa la jirani, unasema mbona hakuna kizuizi. Chukua mfano wa madishi ya Azam, ambayo hutazama setilaiti ya digrii 7 mashariki. Kwetu yanaelekea magharibi, upande wa ziwa na Kongo, na ukiyatazama utadhani yameinama. Lakini mstari wake halisi unapanda digrii 63 hivi kutoka upeo wa macho. Setilaiti ya digrii 36 mashariki, inayorusha DStv, kwetu inapanda digrii 80: karibu utosini. Kwa hiyo usitafute kizuizi mbele ya dishi tu. Simama nyuma yake, inua macho juu zaidi ya unavyodhani.

Mchikichi ni msumbufu wa pekee. Shina haliko njiani, kuti ndilo linaloingia. Upepo ukitulia asubuhi kila kitu ni sawa; mchana upepo wa ziwa ukianza, kuti linapita mbele ya mawimbi, linatoka, linapita tena, na intaneti inakatika kila sekunde kadhaa. Ukiona mtindo huo, keti chini ukalitazame kuti, saa mkononi. Mwembe nao ukichipua majani mapya au ukilowa mvua unaziba kuliko mwaka uliopita. Punguza tawi kwa makubaliano na mwenye mti. Ukishindwa, dishi lihamishwe, na hiyo ni kazi ya fundi.

Hatua ya 7: Dishi lenyewe

Ukiwa bado chini, shika nguzo uitikise. Isicheze hata kidogo. Nguzo iliyochimbiwa bila zege ya kutosha inalegea mvua za kwanza zinapolainisha udongo, na upepo wa kiangazi wa Juni na Julai unaimalizia. Nati zilizolegea, kaza zote bila kubadilisha mwelekeo. Kabla ya kugusa chochote chora mstari kwa kalamu ya wino usiofutika pale bano linapokutana na nguzo, na mwingine kwenye namba za kuinama. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nililegeza nati bila kuchora, na wateja wangu walikaa siku tatu bila intaneti kwa kosa langu. Tangu hapo sipandi bila kalamu.

Usisimame wala kuweka mkono mbele ya dishi wakati modemu imewaka. Linatuma mawimbi. Zima kwanza, kila mara. Paa likiwa na unyevu usipande kabisa, na usipande ukiwa peke yako nyumbani.

Dishi likiwa limekwishasogea, mtu mwenye uzoefu anaweza kulirudisha kwa kusoma ubora wa mawimbi kwenye ukurasa wa modemu, akisogeza kidogo sana na kusubiri sekunde kumi kila mara. Lakini upande wa kutuma unapaswa kuthibitishwa na kituo cha mtoa huduma, kwa sababu dishi lililoelekezwa vibaya linaweza kuwavuruga watumiaji wengine wa setilaiti hiyo. Usiruke hapo.

Radi

Mashariki mwa Kongo ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi kuliko zote duniani, na sisi tuko ng'ambo tu ya ziwa. Nguzo ya dishi iwe na waya mnene wa shaba unaoshuka hadi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini. Hata hivyo, ukisikia ngurumo kwa mbali, chomoa adapta ukutani na fungua kebo ya dishi nyuma ya modemu. Kuzima swichi hakutoshi. Ngurumo zikishakuwa juu ya nyumba, usizishike nyaya tena.

Unapompigia mtoa huduma

Kama umefika hapa na bado, piga simu ukiwa umekaa mbele ya modemu, daftari mkononi. Usiseme "mtandao hauna nguvu." Sema hivi: "Namba yangu ya akaunti ni hii. Taa ya kupokea imetulia, ya kutuma inapepesa tangu jana saa mbili usiku. Adapta ni ya asili, volti zinalingana. Konekta za pande zote mbili nimeziangalia, ni kavu. Dishi halijaguswa." Mtu wa upande wa pili ataruka maswali yote ya mwanzo na kukupeleka kwa fundi wao. Omba namba ya tatizo uiandike pamoja na jina la uliyezungumza naye na muda waliokuahidi. Muda huo ukipita na hawajakushughulikia, una haki ya kupeleka malalamiko TCRA, na watakachokuuliza kwanza ni yaleyale uliyoandika kwenye daftari.